Nilimwita Mama Mkwe Muuaji kwa Sababu ya Samaki wa Paka Wangu

Mpendwa Mwalimu Kinya,

Naomba unisaidie, na kabla hujanisaidia naomba usinicheke, kwa sababu nimesoma ukurasa wako tangu nikiwa chuoni na najua vile unaweza kumcheka mtu, na jina langu usiliweke gazetini tafadhali, sema tu ni Mama Shantel wa mtaa wa Dallas hapa Embu, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, nimeokoka, nafanya kazi ya ofisi, nimeolewa miaka minne na mwanamume mzuri anaitwa Kaimenyi, kwao ni Mikinduri lakini hanywi na wala hatafuni miraa, na shida yangu ni ya paka.

Shantel ni paka wangu. Nilimpata akiwa mdogo wa kutoshea ndani ya kikombe, na kwa sababu mimi na Kaimenyi Mungu bado hajatupatia mtoto nakubali nilimpenda kupita kiasi, ana kitanda chake, ana sweta ya baridi ya Julai, ana ukurasa wake mtandaoni wenye wafuasi mia tatu na kitu, na mimi humwita mtoto na sioni haya.

Basi mwezi wa kwanza niliona video ya mama mmoja wa nchi za mbali akisema kwamba paka ni mnyama wa porini na chakula chake cha asili ni samaki mbichi, na kwamba sisi tunaowapikia tunawaua polepole, na paka wa huyo mama alikuwa anang'aa kama kiatu cha askari siku ya gwaride. Mwalimu, sikujiuliza paka wa porini huvua samaki kwa nyavu gani. Siku hiyo hiyo nilienda sokoni kwa mama wa Mbeere anayeuza samaki wa bwawani, nikaanza kumpa Shantel samaki mbichi asubuhi na jioni, kichwa na matumbo na vyote, na vingine vyote nikakata, ugali na maziwa nikakata, vipande vya nyama nikakata, na Kaimenyi akiniuliza mbona paka anakula samaki na sisi tunakula githeri, namwambia maharagwe ya githeri yana protini.

Baada ya kama wiki tatu Shantel akaanza kususia chakula. Jioni moja Kaimenyi alikuwa kwa simu na mama yake, nami bila kujua nikaita kutoka jikoni, "Baba Shantel! Mtoto amekataa kula tena!" Mama akauliza huko kwake, "Shantel ni nani?" na mtandao ukapotea papo hapo, na Kaimenyi akasema atampigia kesho.

Kesho yake saa tano mchana mama mkwe alikuwa mlangoni. Alikuwa amebeba unga wa wimbi wa uji, kuku wa kienyeji amefungwa miguu, na kofia ndogo ya manjano ya kufuma, ya kichwa cha mtoto mchanga. Hakukaa. Aliniita mwari, yaani binti yangu, na huwa haniiti hivyo, akasema, "Mwari, mbona mlinificha? Mtoto ako wapi?"

Kaimenyi alikuwa anaangalia viatu vyake. Shantel akatoka chini ya kiti, akajinyoosha mbele ya mama, akapiga miayo.

"Ndiye huyu, mum," nikasema.

Aliangalia paka, akaangalia kofia, akairudisha kwa mkoba polepole. Mwalimu, ningependa angenitukana. Alisema tu, "Sawa. Sasa huyu anakula nini ndiyo akatae?"

"Samaki, mum. Mbichi."

Unajua wazee wa huko kwetu milimani na samaki, wengi wanamhesabu pamoja na nyoka. Akatikisa kichwa akasema, "Mimi nimefuga paka tangu niolewe. Hii kitu mbichi itamaliza hii paka yenu." Nikamwambia kwa upole kwamba siku hizi mambo yamebadilika, kuna utafiti. Akaniuliza, "Ni nani huyo Utafiti, na amefuga paka ngapi?" Nikaona ni ushamba, na ndani ya roho nikaanza kumhesabia makosa.

Alikaa mwezi mmoja. Sitadanganya, alitusaidia sana, alipika, alifua, alimchinja yule kuku tukala, na cha ajabu Shantel alianza kupona, akawa anaruka juu ya friji kama zamani, na mimi nikaweka video yake nikasema asanteni samaki mbichi.

Sasa ndiyo ile Jumatano. Ilikuwa zamu yangu ya kupokea akina mama wa ushirika wa kanisa, wamejaa sebuleni, mama mkwe amewapikia chai na mandazi. Nikaenda jikoni kuongeza sukari, nikamkuta ameinama kwa sahani ya Shantel, ana karatasi mkononi, anamwaga vipande vyeusi vyeusi, na aliponiona akaficha ile karatasi ndani ya leso. Mwalimu, sijui shetani gani aliniingia. Asubuhi hiyo Shantel alikuwa ametapika mwiba, na mimi nikaunganisha mambo. Nikapiga nduru. Akina mama wote wakaja mlangoni, na Kaari ambaye ni mwenyekiti wetu akiwa mbele, na mimi nikasema kwa sauti, nakumbuka kila neno, "Huyu mama anampa Shantel sumu! Anataka kumuua kwa sababu sijamzalia mjukuu!"

Mama alivua aproni yangu akaikunja, akaiweka juu ya meza, akaingia chumbani akatoka na mkoba wake, akapita katikati ya wale akina mama wakimpisha kama mtu mwenye ugonjwa. Kaari akaniombea hapo hapo jikoni. Hakuna aliyeinama kuangalia kile kilichokuwa kwa sahani, hata mimi, nilikimwaga kwa choo.

Jioni Kaimenyi alisikia habari kutoka kwangu. Akasema, "Mama yangu?" Nikamwambia nilimwona kwa macho yangu. Akampigia mama, mama akasema, "Uliza bibi yako," akakata simu. Tangu hapo hawajaongea.

Mimi nikaongeza samaki mbichi mara mbili ili kusafisha ile sumu mwilini. Hazikupita wiki tatu Shantel akaanza kutembea kama mlevi anayetoka Mikinduri siku ya soko, anaenda kando kando, anagonga ukuta, kichwa kimeinama kidevu kikigusa kifua hawezi kukiinua, macho meusi yamepanuka. Akina mama wakaja kuomba, Kaari akampaka mafuta. Siku ya pili akaanguka, miguu ikapiga piga, povu likatoka, na mimi nikambeba na taulo nikikimbia hadi kwa daktari wa mifugo anaitwa Njue, ambaye alikuwa anaandikia mtu dawa ya ng'ombe.

Akamshika, akamwangalia macho, akaniuliza, "Huyu anakula nini?"

"Samaki, daktari."

"Ya kupika?"

"Mbichi. Fresh kabisa."

"Na nini ingine?"

"Hakuna kingine."

"Tangu lini?"

Nikamwambia tangu katikati ya Januari. Akaweka kalamu chini. Akanieleza kwamba samaki wengine wakiwa wabichi wana kitu kinachoharibu vitamini B1 ndani ya mwili, na paka akila hao peke yao, ubongo unakosa nguvu, anaanza kuyumba na kuanguka hivyo, na ukipika kile kitu kinakufa. Akamdunga sindano ya vitamini. Halafu akasema maneno ambayo yananinyima usingizi mpaka leo. Akasema, "Lakini mama, hii hesabu yako haikubali. Zaidi ya miezi miwili, samaki mbichi peke yake? Huyu angeanguka kitambo. Lazima kuna mtu alikuwa anampatia kitu ingine. Nyama iliyopikwa. Maini hivi. Huyo mtu mshukuru, ndiye amekuwekea paka."

Mwalimu, vile vipande vyeusi vilikuwa maini. Nilivikumbuka mpaka harufu.

Shantel alipona, siku ya tatu aliinua kichwa akaomba chakula. Kaimenyi akaniuliza daktari amesema nini, na mimi nikajibu, "Amesema ni kitu alikula." Huo si uongo, sivyo? Akashika kichwa akasema, "Kwa hivyo ni kweli." Na mimi sikusema ndiyo, sikusema la, niliingia jikoni.

Sasa wifi yangu Gatakaa amenipigia simu akilia. Anasema maneno yamefika Mikinduri kwamba mama yao anawekea watu sumu, kwamba alianza na paka. Mama ametolewa kwa kamati ya kupika mazishini. Jirani yake alikuja kuomba moto akakataa chai. Kanisani anakaa benchi la nyuma na wiki iliyopita hakwenda kabisa. Na Gatakaa ananiuliza mimi, kwa upole kabisa, kama ninajua maneno hayo yalitoka wapi.

Nikimwambia Kaimenyi ukweli ataniacha. Nikinyamaza siwezi kula. Kwa hivyo naomba ushauri wako, Mwalimu: je, ni salama kumpa paka samaki, na kama ni salama, ni samaki wa aina gani na mara ngapi kwa wiki?

Ni mimi,
Mama Shantel, Dallas, Embu

MWALIMU KINYA ANAJIBU

Mama Shantel, nimefundisha darasa la saba miaka ishirini na tisa, na nilikuwa na wanafunzi waliovunja dirisha kisha wakaja kuniuliza glasi hutengenezwa na nini. Wewe leo umekaa kwenye dawati lao.

Nitakujibu la samaki kwanza, usije ukasema nimelikwepa. Ndiyo, paka anaweza kula samaki. Mpike, mtoe miiba yote, usimtie chumvi, wala kitunguu, wala kitunguu saumu, kwa sababu hivyo viwili ni sumu halisi kwa paka na wala haviletwi na mama mkwe. Mpe kidogo, mara moja kwa wiki, mbili ukizidisha, na siku nyingine ale nyama, yai lililoiva, kuku, na maini mara moja moja, si kila siku. Omena ioshe mchanga, uichemshe. Samaki wa mkebe mwenye maji ya chumvi muache dukani. Samaki mbichi acha kabisa, na paka akiyumba nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, mafuta ya Kaari yabaki ya kupaka watu. Lakini haya yote Daktari Njue alikwambia. Ulikuwa na jibu kabla hujanunua stempu.

Sasa tuongee.

Pole kwa kungoja mtoto. Nasema pole ya kweli, na yeyote anayekuchekea sweta ya paka hajawahi kulala akihesabu miezi. Penda Shantel wako. Ila uliona mwenzako yuko katika ngojangoja ileile? Mwanamke aliyefuma kofia na kupanda gari asubuhi na kuku mkononi naye alikuwa anangoja. Aliaibika mbele yenu, akameza, akafunga mkanda akawapikia mwezi mzima, na akamlisha paka wako kwa siri ili asikuvunjie heshima ya huyo bwana Utafiti wako. Alificha maini kama mwizi ndani ya nyumba ya mwanawe! Na wewe ukamlipa kwa neno ambalo huku kwetu humzika mtu akiwa hai. Unajua vizuri mama mwenye sifa ya sumu anaishi vipi kijijini. Hakuna anayempiga. Wanakataa tu chai yake.

Halafu ukaniuliza, "Huo si uongo, sivyo?" Dada, huo ni uongo uliovaa suti. Ulichagua maneno manne ya kweli ukayapanga mpaka yakamaanisha uongo, na mumeo akapoteza mama yake jikoni mwako.

Fanya hivi. Leo, Kaimenyi akirudi kazini, kabla hajala, mwambie yote. Anza na maini, usianze na shetani. Usiseme "kulitokea kutoelewana." Sema, "Nilimsingizia mama yako, na nilipojua ukweli nikanyamaza." Akikasirika, akasirike, hiyo ni haki yake na si zamu yako kulia. Kesho asubuhi mwende Mikinduri, wewe mwenyewe, si kwa simu. Usibebe blanketi wala sukari ya kukusemea. Paka abaki nyumbani. Mwombe mama msamaha kwa mdomo wako, kisha umuulize yeye anataka nini, na atakalotaka ufanye hata kama litakuchoma.

Unaogopa Kaimenyi atakuacha. Huenda akakasirika sana, hilo siwezi kukuficha. Lakini siku moja atampeleka Shantel kwa Njue, wataongea, na atayasikia haya kwa mtu mwingine. Hapo ndipo ungekuwa na sababu ya kuogopa.

Na jina lako nimelificha kama ulivyoomba, ingawa umeniachia mtaa, mume, mwenyekiti wa ushirika na paka. Dallas nzima ina Shantel wangapi wenye mkia?

Wasomaji, jibu hili nilimsomea huyu dada kwa simu hata kabla gazeti halijapangwa, kwa sababu yule mama wa Mikinduri hakustahili kungoja hadi Jumamosi. Jana ameniandikia tena, na kwa ruhusa yake naweka hapa alivyoandika:

"Mwalimu, nilimwambia Kaimenyi. Hakupiga kelele. Alitoka nje akakaa kwa gari mpaka giza likaingia, halafu akarudi akasema tunaondoka kesho saa kumi na mbili.

Mama tulimkuta akipepeta maharagwe ya njahi uani. Nilipiga magoti nikasema kama ulivyoniambia, maneno yote. Aliendelea kupepeta. Kaimenyi alikuwa analia, mama hakulia. Mwishowe akauliza, 'Paka ilipona?' Nikasema ilipona. Akasema, 'Vizuri. Mimi sina neno na paka.' Nikamuuliza anataka nini. Akasema, 'Siku ile niliandaa vikombe vya wageni wako. Vilikuwa kumi na viwili. Hao kumi na wawili ndio nataka.'

Alikuja Embu Jumatano. Hakukubali kulala kwangu, hakukubali hata soda. Alikaa kiti cha katikati, na mimi nikasimama mbele ya ushirika wote nikasema kwamba yale yalikuwa maini, kwamba mimi ndiye nilikuwa namuua paka, na kwamba nilijua na nikanyamaza. Kaari akasema, 'Bwana asifiwe, sisi wengine hatukuamini hata siku ile.' Mama akamgeukia akasema, 'Mlikuwa mnakula mandazi yangu mlangoni. Niliwaona.'

Kisha akauliza, 'Ni nani alipiga simu Mikinduri?'

Mama akangoja. Ana subira, Mwalimu, nilikuwa sijajua ni kiasi gani. Mwisho Kaari akasema kwa sauti ndogo kwamba ana dada yake ameolewa huko karibu, na kwamba alimweleza tu ili waombe pamoja.

'Sawa,' mama akasema. 'Mpigie sasa. Na uweke sauti juu.'

Kaari akasema hana salio. Akina mama watatu wakamnyooshea simu zao kwa pamoja. Akapiga. Dada yake akashika kwa furaha akiuliza, 'Haya, kumetokea nini tena?' na Kaari akaangalia chini akaanza kumwambia, sisi wote tukisikiliza, na kila alipojaribu kufupisha mama alikuwa anasema, 'Rudia hapo.'"